Kabla ya kukata kitenge, fundi akate shuka kuukuu

KILA mwaka mavuno yanapoanza kuingia ghalani katika uwanda wa juu wa Ufipa, mafundi cherehani wa Sumbawanga nao huanza kuhesabu siku zao za neema. Kati ya Juni na Septemba mahindi na maharage huuzwa, harusi hufungwa, kwaya hushona sare mpya na akina mama hununua vitenge. Neema ya pili huja Desemba na Januari, wazazi wanapohangaika na sare za shule.

Katika misimu yote hiyo miwili ipo hasara moja isiyoandikwa katika daftari lolote la biashara. Ni hasara ya nguo iliyokatwa kwa kitambaa kizuri, ikashonwa kwa bidii, kisha ikamkataa mwenyewe. Kwapa linabana, kifua hakifungi, sketi imepanda upande mmoja, suruali haikaliki. Mteja hununa, fundi hufumua na kushona tena, na mara nyingi mwisho wa nguo hiyo ni kulala sandukuni au kupewa ndugu mwenye mwili mdogo.

Dawa ya hasara hiyo ni ya zamani na haihitaji mashine mpya. Fundi hushona kwanza nguo ya majaribio kwa kitambaa cha bei ndogo, mteja akaivaa, kasoro zikaonekana na kurekebishwa, ndipo kitambaa chenyewe kikakatwa. Wengi hudhani jambo hilo ni la wabunifu wa mavazi wa mijini na maharusi wenye uwezo. Ukweli ni kwamba mwenye kipato kidogo ndiye anayelihitaji zaidi, kwa sababu hana fedha ya kununua kitambaa mara mbili. Kinachotakiwa ni gharama yake ipangwe waziwazi kati ya fundi na mteja, badala ya kuachwa itegemee hisani ya fundi.

Nani anabeba hasara

Utaratibu wa kushonesha nguo unajulikana. Mteja hununua kitambaa dukani, humpelekea fundi wa barazani, hupimwa kwa futi kamba, huacha kianzio na kupewa siku ya kurudi. Fundi hutoa kazi yake, uzi, na pengine zipu na vifungo.

Kwa macho ya kiuchumi, mtaji ulio hatarini hapo ni wa mteja, lakini uamuzi wa kukata ni wa fundi. Pale ambapo anayeamua si yule atakayepoteza, uangalifu hupungua hata kama pande zote mbili ni waaminifu. Fundi akikosea, hupoteza saa chache za kufumua. Mteja hupoteza kitambaa, na kitambaa kilichokatwa ni kama maji yaliyomwagika, hakizoleki.

Kwa mkazi wa mjini Sumbawanga, kurudi kwa fundi ni suala la kutembea mitaa miwili. Kwa mkulima wa Laela, Matai au Namanyere ni suala la nauli na siku nzima ya kazi. Anayetoka Mtowisa katika bonde la Ziwa Rukwa inambidi kwanza apande milima ya Lyamba lya Mfipa ndipo aufikie uwanda wa juu. Akirudi mara tatu kwa sababu ya mkono mmoja wa gauni unaobana, nauli peke yake inaweza kukaribia ujira wa kushona gauni lote. Ndiyo maana wengi huamua kuichukua nguo kama ilivyo na kunyamaza.

Futi kamba haisemi yote

Baadhi ya mafundi husema kwamba aliyepima vizuri hana haja ya majaribio. Hoja hiyo ina ukweli kwa kiasi, kwani fundi mzoefu hukosea mara chache. Hata hivyo, futi kamba hupima mzunguko na urefu tu, haioneshi umbo. Wanawake wawili wanaweza wote kuwa na inchi 40 za kifua, mmoja akiwa na mgongo mpana na mwingine akiwa na maziwa makubwa. Namba zao katika daftari ni sawa, lakini nguo zao hazipaswi kukatwa sawa.

Mwili wa mtu wa kazi nao una mambo yake. Aliyebeba ndoo au mzigo wa kuni miaka mingi anaweza kuwa na bega moja lililoshuka. Mzee aliyeinama mgongo huhitaji nyuma ndefu na mbele fupi, la sivyo shati lake hupanda nyuma na kuning'inia mbele.

Halafu kuna baridi ya Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo miezi ya kushonesha nguo, ni ya baridi kali. Mteja hupimwa akiwa amevaa sweta, na kila kipimo huongezeka bila mtu kutambua. Gauni likivaliwa Novemba bila sweta humpwaya. Kinyume chake hutokea kwa koti. Likipimwa juu ya shati jepesi, halitakubali sweta ndani yake siku ya baridi, na koti la namna hiyo halina kazi Sumbawanga.

Mwisho ni mwendo. Mteja hupimwa akiwa amesimama wima na mikono imeshuka, lakini nguo haivaliwi hivyo. Mwanakwaya huinua mikono, mama hubeba mtoto mgongoni, kijana hupanda bodaboda, mwanafunzi hukaa darasani saa nyingi. Hayo yote yanaweza kuonekana tu mteja akiwa ndani ya nguo.

Jinsi ya kufanya

Kitambaa cha majaribio hakihitaji kuwa kizuri, bali kifanane na kile cha kweli kwa uzito na mnyambuko. Kwa gauni la kitenge au shati la pamba, shuka la mitumba lililochakaa linatosha kabisa. Marekani nayo hufaa. Kwa koti au suruali ya khaki nzito, shuka jepesi litadanganya, hivyo itafutwe turubai nyepesi au pazia la zamani. Kwa kitambaa kinachovutika, majaribio yafanywe kwa kitambaa kinachovutika.

Fundi hukata vipande vikuu tu, yaani mbele, nyuma na mkono mmoja. Hakuna haja ya kola, mifuko, bitana, zipu wala vifungo. Pande huachiwa nafasi ya kutosha ili mshono uweze kutolewa nje, kisha vipande hupigwa bandi au kushonwa kwa mshono mrefu unaofumuka kwa urahisi. Penye zipu au vifungo huweka pini.

Mteja avae nguo hiyo juu ya vile atakavyovaa siku zote. Kama ni koti, avae na sweta. Kama ni gauni la harusi, avae na viatu atakavyovaa siku hiyo, maana urefu wa kisigino hubadilisha urefu wa pindo. Kisha atumie dakika chache kufanya mambo manne: kukaa, kuinama, kuinua mikono yote miwili, na kupiga hatua ndefu. Fundi aangalie mabega kwanza, kwani bega likikaa vibaya kila kitu kilicho chini yake hukaa vibaya. Baada ya hapo aangalie kwapa, kifua, kiuno na nyonga, na urefu awe wa mwisho.

Mkunjo unaovutika ni dalili kwamba hapo panabana, na kitambaa kinacholegea na kujikusanya ni dalili kwamba hapo pamezidi. Fundi hubana au hufumua papo hapo na kuweka alama kwa chaki. Nguo ikikubali, hufumuliwa yote, na vipande vyake hutumika kuchora umbo katika karatasi ngumu, hata ile ya mfuko wa saruji. Jina la mteja na tarehe huandikwa juu yake. Karatasi hiyo sasa ni mali. Mwaka ujao mteja yule akirudi, kazi ya majaribio haitarudiwa isipokuwa mwili wake umebadilika.

Kabla ya kukata kitambaa cha kweli, kilowekwe majini na kukaushwa, hasa kama ni cha pamba. Pamba nyingi hurudi zinapofuliwa mara ya kwanza, na hapo majaribio yote yatakuwa kazi bure.

Hesabu yake

Chukua mfano wa gauni moja linalotumia mita nne za kitenge kwa shilingi 8,000 kila mita, yaani shilingi 32,000, na ujira wa fundi shilingi 24,000. Jumla ni shilingi 56,000. Kama mahindi yanauzwa shilingi 500 kwa kilo, gauni hilo ni kilo 112, zaidi ya gunia zima la kilo 100. Kila msomaji anaweza kuweka bei za kwake, njia ya hesabu ni ileile.

Tuseme nguo ya majaribio inagharimu shilingi 6,000, ikiwa ni shilingi 2,000 za kipande cha shuka kuukuu na shilingi 4,000 za muda wa fundi. Fundi anayeharibu nguo moja katika kila nguo 20 humsababishia mteja hasara ya wastani wa shilingi 2,800 kwa kila nguo. Kwa fundi huyo, majaribio ya shilingi 6,000 kwa gauni moja la kawaida hayalipi. Lakini fundi anayeharibu moja katika kila tisa humsababishia hasara ya zaidi ya shilingi 6,200, na hapo majaribio yanaanza kulipa. Hesabu hiyo haijaweka nauli za kurudi wala aibu ya kukosa nguo siku ya harusi.

Hesabu hubadilika kabisa nguo zinapokuwa nyingi. Kwaya ya watu 30 ikishona gauni hilohilo, fedha iliyo hatarini ni shilingi 1,680,000. Kosa moja katika umbo la kukatia halitokei mara moja, hurudiwa mara 30. Nguo tatu za majaribio, yaani ndogo, ya kati na kubwa, zitagharimu shilingi 18,000, ambazo ni kama senti moja kwa kila shilingi ya kazi yote. Zikiokoa gauni moja tu kati ya 30, gharama yake imerudi mara tatu.

Kuna akiba nyingine ambayo wengi hawaioni. Vipande vya nguo ya majaribio vikitandazwa chini, fundi anajua kwa uhakika kitambaa kinachohitajika. Bila hivyo, hukadiria na kuongeza cha tahadhari. Ikionekana kwamba kila gauni linahitaji robo mita pungufu ya makadirio, kwaya ya watu 30 itaokoa mita saba na nusu, ambazo kwa bei ya mfano huu ni shilingi 60,000. Kwa hiyo majaribio yafanyike kabla ya kwenda dukani kununua jora, si baada.

Akiba ya tatu ni ya nauli. Badala ya watu 30 kusafiri kwenda mjini mara mbili, fundi mmoja anaweza kufika kijijini jioni ya mazoezi akiwa na nguo zake tatu za majaribio. Kila mwanakwaya atavaa ile inayomkaribia, na fundi ataandika marekebisho ya kila mmoja mbele ya jina lake. Safari moja inafanya kazi ya safari sitini.

Si jambo geni

Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa falsafa ya majaribio. Anayetumia mbegu aliyohifadhi mwenyewe huhesabu punje, akaziotesha pembeni, akaona ngapi zinachipua kabla ya kuziamini shamba zima. Mbegu mpya za mahindi nazo hupandwa kwanza katika vituo vya utafiti na mashamba ya majaribio, misimu kadhaa, kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Hakuna anayeona kwamba huko ni kupoteza muda. Nguo ya gunia moja la mahindi inastahili heshima hiyohiyo.

Nguo nayo si jambo geni katika uwanda huu. Wasafiri waliopita Ufipa katika karne ya 19 waliwakuta wenyeji wakitumia pamba na kufuma vitambaa vyao wenyewe. Wakati huohuo kitambaa cha kiwandani kilikuwa kikiingia kutoka pwani. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan, meli za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar pamba isiyopaushwa kwa wingi. Kitambaa hicho kikapewa jina la nchi kilikotoka, na misafara ikakifikisha bara, ambako kilitumika pia kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikata biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi, lakini jina la marekani lilibaki. Leo kitambaa hicho kilichokuwa fedha ndicho chenye bei ndogo kiasi cha kufaa kwa majaribio. Hata huko Marekani, nguo ya majaribio hupewa jina la kitambaa hafifu cha pamba kinachoshonewa.

Msimu wa majaribio

Mafundi watasema kwamba mwezi Julai na Desemba hawana hata muda wa kula, sembuse wa kushona nguo ya shuka. Ni kweli. Lakini mafundi haohao hukaa na cherehani zisizo na kazi kuanzia Februari hadi Aprili, mvua zinaponyesha na wakulima hawana fedha. Huo ndio msimu wa majaribio.

Kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa au familia yenye harusi ya Agosti haiwezi kununua jora la kitenge mwezi Machi. Inaweza kulipa shilingi 18,000 za majaribio. Fundi anapata fedha katika miezi mikavu, wateja wanapata nafasi ya mbele katika foleni, na mavuno yakiuzwa kinachobaki ni kununua kitambaa na kukata. Kama kuna mwenye mwili uliobadilika, vipimo vyake peke yake ndivyo vinavyorudiwa.

Sare za shule zinahitaji mpango wa namna yake. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali za msingi na sekondari, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Mtoto hukua, na aliyepimwa Machi hatakuwa yuleyule Januari. Fundi wa shule anaweza kutumia msimu wa mvua kutengeneza maumbo ya karatasi ya saizi tano au sita za kaptula ya khaki, sketi ya bluu na shati jeupe, akiyajaribu kwa watoto wa jirani. Januari ikifika, mtoto anavaa nguo ya majaribio ya saizi yake, pindo linaachwa nene ili lishushwe mwaka unaofuata, na kazi inakwisha haraka.

Jambo hili linahusu pia soko lenyewe. Sare na suti zilizoshonwa tayari huletwa Sumbawanga kutoka Mbeya na Dar es Salaam, na zinapendwa kwa sababu moja kubwa: mnunuzi anaijaribu dukani kabla ya kutoa fedha. Fundi wa Sumbawanga anaweza kumpa mteja haki hiyohiyo, na zaidi ya hapo akampa nguo iliyokatwa kwa mwili wake. Asipofanya hivyo, fedha ya mahindi ya Ufipa itaendelea kushuka na barabara ya Tunduma.

Makubaliano yaandikwe

Si kila nguo inahitaji majaribio. Sketi ya mpira kiunoni, aproni, pazia na nguo ya mteja ambaye karatasi yake ipo zikatwe moja kwa moja. Majaribio yawe kwa nguo za pamoja, kitambaa cha bei kubwa, suti na koti, gauni la harusi, na miili ambayo futi kamba haiielezi vizuri, wakiwamo wazee na watu wenye ulemavu.

Pale yanapofanyika, fundi na mteja waandikiane mambo matatu katika daftari. Kwanza, mteja alipe gharama ya majaribio mwanzoni, ili fundi asihofu kwamba atafanya kazi kisha mteja aende kwingine. Pili, mteja akishaivaa na kuikubali nguo ya majaribio, atie sahihi. Tatu, nguo ya kweli ikija tofauti na ile iliyokubaliwa, fundi alipe kitambaa, na ikiwa mteja ndiye aliyebadili mawazo au mwili, gharama ni yake. Hapo ndipo anayeamua kukata na anayeweza kupoteza wanakuwa mtu mmoja, na uangalifu hautahitaji kuombwa.

VETA, SIDO na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Chala wilayani Nkasi, vina nafasi ya kusaidia kwa kumzoesha kila mwanafunzi wa ushonaji kukata shuka kuukuu kabla ya kitambaa kipya, na kumfundisha kuweka bei ya kazi hiyo. Viongozi wa kwaya na vikundi nao wasikabidhi fedha za wanachama kwa fundi yeyote kabla ya kuona nguo ya kwanza ikiwa mwilini mwa mtu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa Ufipa anayeshonesha nguo baada ya mavuno, ufa huo unazibwa kwa shilingi 6,000 za nguo ya majaribio, na ukuta ni gunia zima la mahindi.